Mwizi Aliyekamatwa

Usalama wa mtaa una vipimo viwili, na mara nyingi havikubaliani. Cha kwanza ni cha polisi na watafiti: makosa yaliyoripotiwa huhesabiwa, yakagawanywa kwa idadi ya wakazi, kiwango kikaandikwa kwa kila watu 100,000. Cha pili hakina daftari. Ni yale ambayo mpangaji huuliza kabla ya kuhamia: nguo zinaweza kulala kambani? Mtoto anatumwa dukani baada ya isha? Anayerudi kazini saa tano usiku hupita uchochoro upi, na kwa nini haupiti ule mwingine?

Kosa lisiloripotiwa halimo katika hesabu ya polisi. Aliyenyang'anywa simu Manzese au Tandale, jijini Dar es Salaam, hupiga hesabu ya nauli ya kwenda kituoni, muda wa kusubiri na maelezo ya kuandikisha, kisha akaamua kudunduliza anunue nyingine. Kwa sababu hiyo mtaa unaowaamini polisi unaweza kuonekana una wizi mwingi kuliko mtaa uliokwisha kata tamaa. Upo pia mtaa ambao watu wake hujifungia tangu magharibi. Hakuna anayeporwa njiani kwa kuwa njiani hakuna mtu. Takwimu zake ni safi, lakini ni vigumu kuuita mtaa salama. Hapo ndipo hesabu inapokabidhi suala hili kwa falsafa na dini: usalama ni kitu gani hasa, ni wa nani, na mtaa una ruhusa ya kufanya nini ili kuupata?

Kiswahili chenyewe kina la kusema. Usalama na salamu ni maneno ndugu, ya mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa mzima, bila dosari. Amani, imani na amana ni ndugu wengine, wa mzizi unaohusu kutulia na kuaminiana. Aliye salama hajadhurika. Mwenye amani anaamini kwamba hatadhurika. Na amana ni kile kilichowekwa mikononi mwa mwingine kwa imani kwamba kitarudi kama kilivyotoka. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, jina lililoshika ni Dar es Salaam, ambalo wengine hulifasiri kuwa nyumba ya amani na wengine bandari ya salama. Mji huo sasa una mamilioni ya watu, na wengi wao wanaishi katika mitaa iliyojengwa bila ramani, nyumba zikipakana ukuta kwa ukuta. Katika mitaa hiyo usalama wa kila mmoja umo mikononi mwa jirani yake zaidi kuliko mikononi mwa dola.

Hakuna desturi inayoonyesha jambo hili kama hodi. Nyumba ya kupanga ya uswahilini ina vyumba pande mbili za korido, uani kuna jiko na choo cha wote, na mlango wa mbele hushinda wazi. Komeo halimzuii mgeni mchana. Linalomzuia ni neno. Husimama kizingitini, akapiga hodi, akangoja kukaribishwa. Qur'ani inaagiza vivyo hivyo, kutoingia nyumba ya mwingine kabla ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na mafundisho ya Mtume yanaongeza kwamba asiyejibiwa mara ya tatu arudi alikotoka. Mwizi, kwa kipimo hiki, ni yule aliyeingia bila hodi. Ndiyo maana kuibiwa sufuria na kanga mbili kunauma kupita thamani ya vitu vyenyewe. Mlango uliokuwa wazi utafungwa kesho. Kila mpangaji atapimwa kwa jicho la pembeni, na mwenye vitu vyake ataanza kukumbuka nani alipita uani na nani aliuliza sufuria ile ilinunuliwa wapi.

Kabla ya mlinzi yeyote mwenye rungu, mtaa hulindwa na macho. Mwandishi Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu miji mikubwa ya Marekani, alieleza jinsi barabara aliyoishi mjini New York ilivyolindwa na wenye maduka, wapita njia na watu waliochungulia madirishani, bila yeyote kuajiriwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1997 Robert Sampson na wenzake walichapisha utafiti wa mitaa 343 ya Chicago: mahali ambapo majirani waliaminiana na walikuwa tayari kuingilia kati mambo yalipoharibika, ukatili ulikuwa mdogo, hata baada ya umaskini kutiwa hesabuni. Msomaji wa pwani hawezi kushangaa. Baraza za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kijiwe cha kahawa, meza ya mama ntilie, benchi la bodaboda kwenye kona, mshona viatu chini ya mwarobaini: haya yote ni macho. Kijana wa bodaboda anajua nani ni mgeni na amekuja kwa nani. Kinyume chake ni ukuta wa futi nane uliopandwa vipande vya chupa juu. Humlinda aliye ndani na kumnyima aliye nje macho ya nyumba nzima.

Macho yakionekana hayatoshi, hupangwa. Nchini Tanzania chama cha TANU kiliweka mfumo wa nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960, kila nyumba kumi zikiwa na balozi wake, anayeitwa pia mjumbe, aliyewajua wakazi wote kwa majina na kupokea taarifa za wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wizi wa ng'ombe walianzisha sungusungu, wakachukua jina la mdudu mweusi mdogo ambaye akiwa peke yake hatishi. Jeshi hilo la upinde na mishale lilipata nguvu ya kisheria mwaka 1989, na miaka iliyofuata likaigwa mijini, Dar es Salaam ikiwamo. Baadaye yakaja majina ya polisi jamii na ulinzi shirikishi. Kenya nayo ilichukua jina la Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi.

Ulinzi shirikishi, kwa aliyewahi kuusikia usiku, ni firimbi. Vijana wanne au watano wenye makoti yasiyolingana, tochi moja, marungu, na ndala za mmoja zikipiga lami. Saa nane firimbi hulia upande wa msikiti, nyingine hujibu kutoka mtaroni. Aliyelala husikia, akageuka upande wa pili, akaendelea kulala. Asubuhi mmoja wao hupita na daftari la michango lenye majalada yaliyopinda, majina ya kaya upande mmoja na tiki upande mwingine. Kuna kaya isiyo na tiki miezi mitatu. Wivu na fitina za ulinzi mara nyingi huanzia kwenye safu hiyo tupu, kwa maana aliyeibiwa bila kuchangia huulizwa kwanza kuhusu mchango.

Ulinzi wa wenyewe kwa wenyewe hauna wema wa kuzaliwa nao. Sungusungu wale wale waliorudisha ng'ombe Usukumani walishiriki pia katika kuwatesa vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Wakati huohuo walikuwa na adhabu isiyomwaga damu ambayo haikumbukwi sana: kumtenga mkosaji. Hakusalimiwa, hakupewa moto wala maji, hakuna aliyeketi naye, mpaka alipe alichotozwa na kuomba radhi. Kikundi kimoja kiliweza yote mawili. Kumjua jirani, kwa hiyo, hakutoshi kumfanya mtu amtendee haki. Kunampa tu uwezo mkubwa zaidi, wa kumlinda au wa kummaliza.

Uwezo huo hujitokeza wote katika neno moja. Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mabati, sauti ya mwanamke hupasua uchochoro: "Mwizi! Mwizi!" Milango hufunguka kwa pamoja. Aliyekuwa anapiga mswaki anakimbia na mswaki mdomoni. Anayekimbizwa ni kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane, kiatu kimoja kimemvuka, na anakosea kona na kuingia penye ukuta. Wa kwanza kumfikia anamshika mkanda wa suruali. Wa pili anampiga kibao. Kuanzia wa tatu hakuna anayejua tena kilichoibwa. Mtu anauliza, "Kaiba nini?" na anayejibu hamtazami: "Hawa ndio wanaotusumbua." Tofali linatoka mahali fulani. Mtu ametumwa petroli, na mtoto anavingirisha tairi kuukuu kama anavyolichezea siku zote.

Magazeti yana sentensi yake kwa tukio hili, na imezoeleka kiasi kwamba haisomwi tena: kijana ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Sentensi hiyo ina mtendwa anayeweza kutajwa jina na watenda wasiotajika milele. Hasira ndiyo inayoshika nafasi ya muuaji, na neno "wananchi" linawapa watenda heshima ya wapiga kura. Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeorodhesha vifo vya namna hii nchini Tanzania kwa mamia kwa mwaka. Kwa sheria kila kimoja ni mauaji. Hata hivyo vifo hivi haviingii katika hofu ya wakazi kama wizi unavyoingia. Mtaa uliomwua kibaka Jumanne unaweza kujihesabu kuwa salama zaidi Jumatano.

Wanaotetea jambo hili si watu wa ajabu, na hoja yao inastahili kusikilizwa kabla ya kujibiwa. Wanasema mwizi akipelekwa kituoni leo, kesho yuko kijiweni akimcheka aliyemshtaki. Wanasema shahidi hupoteza siku za kibarua mahakamani, kesi huahirishwa, na mwenye ndugu mwenye fedha hatoki na doa. Wanasema mjane aliyeibiwa cherehani ameibiwa chakula cha watoto mwaka mzima, na sheria inaita hilo wizi mdogo. Na wanasema, za mwizi arobaini. Mambo mengi kati ya haya ni kweli. Dola inayochukua haki ya kuadhibu kutoka kwa raia imejitwisha deni la kuwalinda, na isipolilipa, madai ya raia hao si ya kihuni. Thomas Hobbes alijenga falsafa yake ya mwaka 1651 juu ya hoja hiyo: watu huitii mamlaka kwa sababu inawalinda, na ulinzi ukikoma utii hupoteza msingi.

Lakini methali ya siku arobaini inasema mwizi atakamatwa. Haisemi afanywe nini akishakamatwa, na swali zima limejificha katika pengo hilo.

Torati ina sheria inayopita moja kwa moja katika pengo hilo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mwizi akikutwa anavunja nyumba, akapigwa akafa, mpigaji hana hatia ya damu. Ila jua likiwa limekwisha kumchomozea, hatia ya damu ipo, na kinachotakiwa kwa mwizi ni kulipa. Mnyama wa wizi akikutwa hai mkononi mwake, hulipa maradufu. Tofauti hiyo ya usiku na mchana si ya saa tu. Gizani mwenye nyumba hajui aliyeingia ana panga au hana, hana wa kumwita, na hana muda. Jua likichomoza anaona uso, majirani wapo, na upo muda wa kuamua. Ruhusa ya kuua ilitokana na kukosa muda, na muda ukipatikana ruhusa inakwisha.

Miaka mingi baadaye John Locke, katika andiko lake la 1689 kuhusu serikali, alifika mahali hapo kwa njia ya akili peke yake. Kwake anayevamiwa na jambazi njiani anaweza kumwua hata kama kinachotakwa ni koti lake tu, kwa kuwa sheria haiwezi kufika kwa wakati kuiokoa nafsi iliyo hatarini. Mwizi huyo akishachukua mali yote na kuondoka, mwenye mali hana njia nyingine ya kumdhuru ila kuiendea sheria.

Fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyosomwa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, imelipanga suala hili kwa ngazi, na vitabu kama Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, vimelifundisha hivyo. Mvamizi huzuiwa kwa kilicho chepesi kwanza. Anayeweza kurudishwa kwa neno au kwa kuita watu asipigwe. Anayezuilika kwa mkono asipigwe fimbo. Anayezuilika kwa fimbo asiguswe kwa silaha. Akikimbia, shambulio limekwisha, na kumfuata ili kumwua ni uvamizi mpya wa upande wa pili. Anayekufa akitetea mali yake ana daraja ya shahidi katika mafundisho ya Mtume, jambo linaloonyesha kwamba mali haikudharauliwa. Ila utetezi ni wa wakati wa uvamizi.

Hizi ni njia tatu, na zote zinakutana kwenye ukuta ule ambapo kijana amekosa kona. Akiwa bado anashambulia na kisu mkononi, ni usiku. Mkono wa kwanza uliomshika mkanda ndio unaoleta alfajiri. Kuanzia hapo hawezi tena kumdhuru mtu, na waliomzunguka wana muda, wana macho, wana idadi. Alichokuwa nacho sekunde moja kabla, yaani uwezo wa kutisha, kimehamia kwao chote. Uhai wake umekuwa mikononi mwao kama kitu kilichowekwa, na Kiswahili kina neno kwa kitu cha namna hiyo. Ni amana. Amana ya Waislamu haichagui mwenyewe awe mwema ndipo irudishwe.

Sheria za nchi zinasema jambo hilohilo kwa lugha kavu zaidi. Raia wa Tanzania anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, kwa sharti la kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kulindwa uhai wake na jamii. Neno "jamii" katika ibara hiyo lina uzito. Mlinzi wa uhai aliyetajwa hapo ni jamii, na jamii, alfajiri ile, ni waliofika na miswaki mdomoni.

Kuna hoja ya kina zaidi, inayohusu nini kinalindwa na nini kinatolewa kafara. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki 1111, alieleza kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mali imo, tena kwa haki kabisa, ila imetajwa mwisho, na nafsi iko mbali mbele yake. Anayechoma mtu kwa ajili ya simu ameupindua mpango huo juu chini. Hata adhabu maarufu ya mwizi katika sheria ya Kiislamu, ambayo wachoma moto wengine huitaja kama kibali chao, imezungushiwa masharti ambayo umati hauwezi kuyatimiza: thamani ya kilichoibwa ifike kiwango, kiwe kimetolewa mahali palipohifadhiwa, wawepo mashahidi waadilifu au kukiri, shaka yoyote iondoe adhabu, na mwenye mamlaka peke yake ndiye atekeleze.

Khalifa Umar bin al-Khattab aliisimamisha adhabu hiyo katika mwaka wa ukame, mwaka wa 18 Hijria. Kisa kingine chake, kilichomo katika Muwatta ya Imamu Malik, kinagusa mitaa ya leo kwa karibu zaidi. Watumwa wa mtu mmoja waliiba ngamia, wakamchinja. Umar alipochunguza aliona kwamba bwana wao aliwashindisha njaa. Akauliza thamani ya ngamia, akaambiwa dirhamu 400, naye akamwamuru bwana yule alipe 800. Khalifa hakusema wizi ni halali kwa mwenye njaa. Aliuliza njaa hiyo ilitengenezwa na nani, kisha akamtoza huyo.

Swali hilo haliishii kwa matajiri. Maskini wengi hawaibi, na kumtetea mwizi kwa umaskini peke yake ni kuwatukana majirani zake wanaoamka saa kumi kwenda soko la Kariakoo kubeba mizigo. Lakini kila televisheni iliyoibwa ina aliyeinunua. Simu isiyo na boksi wala risiti, inayouzwa robo ya bei, huchukuliwa mtaani humohumo, na mnunuzi anajua anachokwepa kuuliza. Nondo na mifuniko ya mitaro huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Mtaa unaomchoma kibaka huku ukitumia simu alizoiba kwa mwingine una sehemu yake katika wizi, na hakuna anayeitisha tairi kwa ajili ya mnunuzi.

Agostino wa Hippo, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliandika katika Maungamo yake jinsi alivyoiba peasi akiwa na miaka 16. Hakuwa na njaa, na kwao yalikuwapo matunda bora zaidi. Yeye na wenzake waliutikisa mti wa jirani usiku, wakawatupia nguruwe walichovuna. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, kilichomsumbua kilikuwa jambo moja: peke yake asingefanya. Utamu haukuwa wa peasi, ulikuwa wa kufanya pamoja, na wa aibu ya kuonekana mwoga mbele ya wenzake. Maelezo hayo yanamfaa kijana wa genge la vibaka. Yanamfaa pia, karibu neno kwa neno, mwenye kaya wa miaka hamsini ambaye hajawahi kumpiga mtu na ambaye alfajiri ile alitupa tofali. Wizi wa makundi na mauaji ya makundi vinachota katika kisima kimoja, na kwa sababu hiyo kimoja hakiwezi kuwa dawa ya kingine.

Dar es Salaam imeliona jambo hilo likitokea. Usiku wa tarehe 2 Januari 2015 hofu ilitanda katika sehemu kubwa ya jiji: maduka yalifungwa, abiria waliruka kutoka kwenye daladala, simu zikapigwa kwa ndugu walioko njiani. Chanzo kilikuwa vijana wa kundi lililoitwa Panya Road, na kwa maelezo yaliyotolewa wakati ule walitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Jina hilo lilirudi Septemba 2022 kwa uvamizi wa nyumba na mapanga. Haiwezi kusemwa kwamba mauaji ya mmoja ndiyo yaliyozaa kundi zima. Kinachoonekana ni kwamba kijana anayejua kuwa akikamatwa atachomwa hana sababu ya kujisalimisha, na ana sababu ya kutembea na wenzake thelathini wenye mapanga.

Pwani imekuwa na njia zake za kumfikia mwizi bila kumgusa. Iliyo maarufu ni kusoma Halbadiri, dua inayotaja watu wa Badri, wale waliopigana pamoja na Mtume, ili aliyeiba afikwe na baya. Wanazuoni wengi wa leo wanaikataa, wakiona ni uzushi na kwamba laana inaweza kumwangukia asiyehusika, na pingamizi lao lina nguvu. Hata hivyo namna inavyofanyika ina hekima yake. Kisomo hutangazwa kwanza: mwenye kuchukua arudishe, kabla ya Ijumaa. Si nadra kitu kikakutwa asubuhi kizingitini, ndani ya mfuko, na hakuna anayeuliza zaidi. Mwizi amepewa muda na njia ya kurudi bila kuonyesha uso. Mashauri ya ofisi ya serikali ya mtaa, kijana akiletwa na mjomba wake, akaahidi kulipa kidogo kidogo mbele ya mwenyekiti na muhuri ukapigwa, hufanya kazi hiyohiyo kwa karatasi. Upungufu wake ni kwamba huwafaa wenye mjomba. Kijana aliyetoka bara juzi, asiyejulikana na mtu, hana wa kusimama naye, na ndiye tairi humwangukia upesi zaidi.

Kitabu cha Mwanzo kina mkosaji aliyeogopa jambo hilo. Kaini, baada ya kumwua ndugu yake na kujibu kwamba yeye si mlinzi wake, alilalamika kuwa sasa atatangatanga na yeyote atakayemwona atamwua. Mungu hakumfutia hukumu, aliacha afukuzwe. Lakini alimtia alama ili asiuawe na atakayemkuta. Wengi hudhani alama ya Kaini ni ya aibu, hali katika maandishi yenyewe ni ya ulinzi. Aya mbili baadaye Kaini anajenga mji, wa kwanza kutajwa katika Biblia. Wafasiri wameisoma aya hiyo kwa namna nyingi. Mpangilio wake hauna utata: katazo la kumwua mkosaji ovyo limetangulia, mji ukafuata.

Moto ukizimika, polisi huchukua mwili. Siku moja au mbili baadaye mwili hurudi, kwa kuwa mara nyingi kijana alikuwa wa mtaa huo au wa mtaa wa pili, na mama yake anauza vitumbua kwenye njia ambayo wote hupita. Kwa Waislamu, kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wachache wakiitekeleza wengine wamesalimika nayo, na wote wakiiacha wote wana dhambi. Dhambi za marehemu hazimwondolei haki hiyo. Mjumbe hupita nyumba kwa nyumba na daftari la rambirambi. Viti na turubai hukodiwa, wanawake hukaa na mama mkekani, na jeneza linapoinuliwa wanaume hupokezana kulibeba kama ilivyo desturi, kila mmoja hatua chache, akimwachia bega jirani yake.